Monod, Verhulst au mtandao wa jeni: modeli ipi kwa tangi lako la ethanoli au bayogesi?

Kila muhula swali ni lile lile, liwe limetoka kwa mwanafunzi wa uhandisi anayeandika tasnifu au kwa kijana wa maabara kiwandani: "Mwalimu, nitumie Monod au logistiki?" Hizo ni modeli, yaani hesabu za kueleza jinsi vijidudu vinavyokua. Anayeuliza huwa ameshakusanya data, kompyuta iko wazi mbele yake, na anataka jibu la neno moja. Zamani nilikuwa nampa. Siku hizi namuuliza kwanza mambo mawili: tangi lako linaendeshwaje, na mkononi una vipimo gani? Modeli huchaguliwa na majibu ya maswali hayo, haichaguliwi na ukubwa wa jina la aliyeiandika.

Nitalinganisha hapa modeli zinazotumika zaidi kueleza vijidudu vinavyokua na kutoa nishati ndani ya bayoriakta, yaani tangi la kuchachushia. Nitakaa zaidi kwenye ethanoli ya molasi, kwa sababu huko ndiko modeli isiyofaa inakotia hasara upesi, na ndiko baadhi ya viwanda vyetu viliko: Muhoroni kule Kenya na Kilombero huku Tanzania, kote spiriti hutoka kwenye molasi ya miwa. Bayogesi nayo nitaifikia.

Wanaoshindanishwa

Jacques Monod, Mfaransa, alichapisha tasnifu yake ya ukuaji wa bakteria mjini Paris mwaka 1942. Alichoonyesha ni kwamba kasi ya kuzaliana hupanda chakula kinapoongezeka, lakini hufika mahali ikagota:

μ = μmax × S / (Ks + S)

μ ni kasi ya kuzaliana, na μmax ni kasi ya juu kabisa. S ni sukari iliyomo tangini. Ks ni kiasi cha sukari ambacho kijidudu hukua kwa nusu ya kasi yake ya juu kabisa. Ukitaka kuikumbuka, fikiria mtu mmoja mezani: ukimwongezea wali anakula zaidi, lakini mdomo ni mmoja, na baada ya hapo sahani ya pili haimfanyi atafune haraka zaidi.

Pierre-François Verhulst, Mbelgiji, aliandika mlinganyo wake, ndio huo uitwao logistiki, mwaka 1838 akiwaza idadi ya watu, si hamira:

dX/dt = r × X × (1 − X/Xm)

Angalia vizuri: humo hamna sukari hata kidogo. Kuna wingi wa vijidudu (X), kasi yao ya kukua (r) na dari ambayo hawawezi kuipita (Xm); dX/dt ni jinsi X inavyobadilika kwa muda. Huo ndio udhaifu wake, na ndio pia unaoufanya upendwe, kwa kuwa unahitaji kipimo kimoja tu.

Wa tatu ni Monod aliyeongezewa breki. Hamira hutengeneza sumu yake yenyewe, nayo ni ile ethanoli tunayoitafuta. Octave Levenspiel mwaka 1980 aliandika breki hiyo hivi: (1 − P/Pmax)^n, ambapo P ni ethanoli iliyokwisha kutoka na Pmax ni kiwango ambacho ukuaji husimama kabisa; n ni namba inayoonyesha breki inavyokaza. Unaizidisha na Monod, basi.

Halafu yupo msaidizi wa wote hawa, mlinganyo wa Luedeking na Piret wa mwaka 1959. Wao walikuwa wakishughulika na asidi ya laktiki. Waligundua kuwa zao hutoka kwa njia mbili: sehemu hutoka kijidudu kinapokua, na sehemu hutoka kijidudu kikiwa hai tu, hata kama hakikui. Kwa maandishi: dP/dt = α × dX/dt + β × X, α ikiwa ya sehemu ya kwanza na β ya pili. Hiyo β ndogo mwishoni tutaihitaji tukifika Brazil.

Tangi moja, majibu mawili

Maneno hayatoshi, tupige hesabu. Chukua tangi la lita 100,000, la mkupuo mmoja: unajaza, unatia hamira, unasubiri, unamwaga. Molasi imeshapunguzwa kwa maji mpaka sukari inayochachuka ni gramu 160 kwa lita. Hamira ya kuanzia ni gramu 1 kwa lita, uzito mkavu. Tuseme μmax ni 0.2 kwa saa, Ks ni gramu 0.2 kwa lita, na Pmax ni gramu 95 kwa lita huku n ikiwa 1. Kila gramu ya sukari itoe gramu 0.08 ya hamira na gramu 0.46 ya ethanoli. Kemia yenyewe hairuhusu kuzidi 0.511, kwa hiyo 0.46 ni asilimia 90 ya kinachowezekana. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe ndani ya mipaka ya kawaida ya hamira ya kiwandani.

Fungua Excel. Mstari wa kwanza, saa 0: hamira 1, sukari 160, ethanoli 0. Piga hatua ya robo saa. Kasi ni 0.2, mara hamira 1, mara 0.25, unapata ongezeko la 0.05. Gawa kwa 0.08, sukari iliyoliwa ni kama 0.62. Zidisha kwa 0.46, ethanoli iliyotoka ni 0.29. Mstari wa pili basi unasoma hamira 1.05, sukari 159.38, ethanoli 0.29. Vuta fomula mpaka chini. Huhitaji programu ya kununua kwa kazi hii.

Ukitumia Monod mtupu, sukari inaisha baada ya kama saa 13. Ukitia breki ya alkoholi, inaisha baada ya kama saa 19 na nusu.

Sasa simama pale kwenye saa ya 13. Monod mtupu anakwambia tangi limekwisha, fungua vali, peleka kwenye mnara wa kukenekea. Modeli yenye breki inasema bado kuna sukari gramu 64 hivi kwa lita. Ukimsikiliza Monod, unamwaga sukari ambayo ingekupa ethanoli karibu gramu 30 kwa kila lita. Kwa tangi zima ni kama tani 3, yaani zaidi ya lita 3,700 za ethanoli, zinazoondoka na maji machafu kwenda kwenye mabwawa. Mwendesha mtambo mzoefu hawezi kufanya kosa hilo, maana anaona povu bado linachemka na hidromita inaendelea kushuka. Lakini anayepanga ratiba ofisini kwa modeli, au anayekadiria idadi ya matangi ya kununua, hana povu la kumzindua.

Kwa nini Monod anapotoka kiasi hicho? Tazama breki mbili kando kwa kando katika tangi hilo hilo. Namba 1 maana yake hakuna kuzuiwa, na 0 maana yake kusimama kabisa.

| Sukari iliyobaki (g/L) | Ethanoli (g/L) | Kipengele cha sukari cha Monod | Breki ya alkoholi |
|---|---|---|---|
| 160 | 0 | 0.999 | 1.00 |
| 100 | 27.6 | 0.998 | 0.71 |
| 50 | 50.6 | 0.996 | 0.47 |
| 10 | 69.0 | 0.980 | 0.27 |
| 1 | 73.1 | 0.833 | 0.23 |

Kipengele ambacho Monod anasifika nacho hakifanyi kazi yoyote ya maana mpaka sukari inakaribia kuisha. Safari nzima hamira haina njaa, ina ulevi. Kinachoipunguza mwendo ni ethanoli, na ethanoli Monod hajaitia mahali popote kwenye mlinganyo wake. Si kosa lake. Bakteria wake aliwakuza kwenye sukari kidogo sana, na humo njaa ndiyo iliyokuwa ikiamua.

Kwa tangi la molasi la mkupuo mmoja, kwa hiyo, chaguo langu ni Monod mwenye breki ya alkoholi. Hapo sina shaka.

Mtego wa Ks

Jambo linalofuatana na hilo huwapotezea wanafunzi miezi. Wanachukua data ya tangi la mkupuo, wanaipa kompyuta itafute μmax na Ks zinazolingana na grafu, na kompyuta inatii. Niliwahi kuletewa kazi ambayo Ks ilitoka 0.05. Nikamwambia aliyeileta abadilishe namba za kuanzia kisha aendeshe tena. Ikatoka 3. Tukachora grafu zote mbili juu ya vipimo vyake, zikalaliana, ukiacha kipande kidogo cha mwishoni. Kijana akaniuliza ipi ni ya kweli. Hakuna namna ya kujua, kwa sababu alikuwa na pointi moja tu ya sukari iliyo chini ya gramu 5. Data yake haikuwahi kupita karibu na Ks, itaijuaje?

Kwa hiyo kama unaendesha mkupuo, chukua Ks kutoka maandiko yaliyopimwa kwa njia nyingine, ikaze hapo, na nguvu zako zielekeze kwenye μmax na Pmax. Kama kweli unaitaka Ks yako mwenyewe, pima kwenye kemostati, yaani tangi linaloingiza na kutoa bila kukatika, ambamo sukari hukaa chini muda wote.

Lini Verhulst anatosha

Wapo wanaomdharau Verhulst kwa kuwa hana biolojia ndani. Mimi simdharau, na sababu imejificha kwenye hesabu yetu ile ile. Sukari ikiwa tele, ethanoli hupanda sambamba na hamira. Andika P kwa X ndani ya breki ya alkoholi yenye n ya 1, nayo inageuka kuwa (1 − X/Xm), yaani ule ule mlinganyo wa 1838. Kwenye mfano wetu Xm inatoka gramu 17.5 kwa lita. Hamira haifiki huko kwa sababu sukari inaisha ikiwa kwenye 13.8. Ndiyo maana logistiki hulala vizuri sana juu ya data za uchachushaji hata mikononi mwa mtu asiyejua sababu.

Basi kama una kipimo kimoja tu, na unataka kulinganisha hamira A na hamira B kwenye molasi ile ile, kwa sukari ile ile, Verhulst anatosha. r itakwambia nani ana mbio, Xm itakwambia nani anafika mbali.

Ila usithubutu kumtumia kutabiri tangi ambalo hujalipima. Punguza sukari iwe 120: yeye bado atakupeleka kwenye dari ile ile, maana hajui kuwa chakula kimepungua. Ukiunganisha logistiki na Luedeking–Piret, ethanoli inaweza kuendelea kupanda kwenye grafu baada ya sukari kwisha, kwa sababu β × X haikomi. Nimeona tasnifu iliyofungwa na kujalidiwa, ambayo ethanoli ya modeli ilizidi gramu 0.511 kwa gramu ya sukari. Hapo modeli imetengeneza mafuta kutoka hewani. Kabla ya kuonyesha mtu yeyote grafu yako, gawa ethanoli ya mwisho kwa sukari iliyoliwa. Ikizidi 0.511, rudi nyuma.

Vipimo vinavyoamua

Hapa ndipo chaguo la modeli huamuliwa kikweli, na vitabu hupapita haraka mno.

Molasi ni nyeusi na ina matope. Kipima mwanga cha maabara, kile kinachokadiria wingi wa vijidudu kwa jinsi wanavyoziba mwanga, hakifai mpaka umeosha seli kwa mashine ya kuzungusha. Ukikausha sampuli upime uzito mkavu, unapima hamira pamoja na uchafu wa molasi. Kinachobaki cha kuaminika ni kuhesabu seli kwenye darubini, kwa kioo chenye miraba, ukitia methilini bluu ili seli zilizokufa zishike rangi na zilizo hai zibaki nyeupe. Ni kazi ya macho na subira, lakini namba yake unaweza kuilalia.

Briksi, yaani kipimo cha sukari kinachosomwa kwa hidromita, nayo inadanganya. Ethanoli ni nyepesi kuliko maji, hivyo hidromita hushuka kuliko sukari ilivyopungua kweli. Tena molasi ina chumvi na vitu visivyochachuka, na hivyo havishuki kamwe. Tangi lililokwisha kabisa linaweza bado kusoma briksi kadhaa. Usiite hiyo sukari.

Kama maabara yako ni maskini, iko njia ninayoipenda kuliko zote: mizani. Kila molekuli ya ethanoli inapotoka, hutoka na moja ya kaboni dayoksaidi, gramu 46 kwa gramu 44. Chukua chupa ya nusu lita, tia molasi iliyopunguzwa na hamira, ziba kwa kizibo chenye kijibomba kinachoishia ndani ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Weka chupa peke yake juu ya mizani inayosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu, uandike uzito kila baada ya saa mbili. Kila gramu 1 inayopotea ni gramu 1.045 ya ethanoli iliyobaki ndani. Mpaka kesho yake jioni una grafu nzima ya ethanoli dhidi ya muda, bila kemikali hata moja. Endesha chupa tatu zenye sukari 80, 120 na 160, nawe una data ya kutosha kukadiria μmax na Pmax. Kwa chupa tatu hizo Verhulst atahitaji namba mpya kila chupa, ilhali Monod mwenye breki anapaswa kuzibeba zote kwa namba zile zile. Akishindwa, umejifunza jambo kuhusu hamira yako au kuhusu virutubisho vya molasi yako.

Kitu ambacho hakuna hata mmoja kati yao anacho ni joto. Uchachushaji unatoa joto lake mwenyewe, na tangi kubwa lililopo ukanda wa joto lisipopozwa hupita nyuzi 35 bila taabu. Alkoholi ikiwa juu, joto hilo huidhoofisha hamira maradufu. Kama matangi yako hayana upoozaji wa kuaminika, chupa zako ziendeshe kwenye joto la tangi, usiziache kwenye joto zuri la chumba cha maabara.

Tangi likibadilika, modeli ibadilike

Mtiririko usiokatika unageuza mambo. Hapa unachagua D, yaani mtiririko ukigawanywa kwa ujazo, na hamira lazima ikue kwa kasi ile ile ya D, la sivyo inasombwa na kwisha. Tumia namba zetu, ukitaka sukari inayotoka iwe gramu 1 kwa lita. Monod mtupu atakwambia D ya 0.167, yaani mchanganyiko ukae tangini saa 6. Mwenye breki atakwambia 0.038, yaani saa 26.

Saa 6 dhidi ya 26. Mtu anayenunua tangi kwa hesabu ya kwanza atanunua tangi lenye ujazo chini ya robo ya analolihitaji.

Linganisha pia saa 26 hizo na saa 19 na nusu za mkupuo. Tangi moja la mtiririko ni la polepole zaidi, kwa sababu hamira yake yote, tangu asubuhi mpaka usiku, inaishi ndani ya alkoholi ya mwisho. Katika mkupuo angalau utoto wake ni wa raha. Ndiyo maana wanaochachusha kwa mtiririko hupanga matangi kwa mfululizo, la kwanza likiwa na alkoholi kidogo na la mwisho likimalizia. Faida yao ni kwamba hakuna saa zinazopotea kwa kumwaga, kuosha na kujaza upya, na muda huo uuweke kwenye hesabu ya mkupuo kabla hujachagua.

Brazil ni habari nyingine kabisa. Tangu mpango wa Proálcool wa mwaka 1975 nchi hiyo imejenga viwanda vingi vya ethanoli ya miwa, na njia iliyotawala ni ya kulisha kidogo kidogo na kurudisha hamira. Karibu hamira yote hutenganishwa baada ya kila mzunguko, huogeshwa kwa asidi ili kuua bakteria, kisha inarudishwa tangini. Mzunguko unaanza na hamira nyingi mno, na uchachushaji huisha kwa saa chache. Hamira hiyo haikui sana, haina haja. Karibu ethanoli yote hutoka kwa seli zilizokwisha kukomaa. Modeli inayosema "zao hutoka pale tu hamira inapokua" itakwambia tangi hilo halitoi kitu. Hapo ndipo β ya Luedeking na Piret inapobeba mzigo wote. Tena ujazo wa tangi unabadilika unapolisha, kwa hiyo ongeza mlinganyo wa ujazo, na kila kipimo kigawe upya kwa ujazo wa saa hiyo. Anayesahau hili huona sukari "ikiliwa" wakati imepunguzwa tu na maji.

Mtandao wa jeni: nguvu nyingi, swali jingine

Mwaka 2003 ilitoka modeli ya kwanza ya jenomu nzima (jumla ya jeni) ya hamira, yenye jeni 708, iitwayo iFF708. Matoleo makubwa zaidi yamefuata. Hizi hazina grafu ya muda. Zinaorodhesha athari zote za kemia ndani ya seli, zinaweka sharti kwamba kinachoingia kiwe sawa na kinachotoka, halafu zinatafuta mgawanyo wa mitiririko unaoifanya seli ikue kwa wingi kadiri iwezekanavyo. COBRApy, programu ya bure ya lugha ya kompyuta ya Python iliyotoka 2013, inafanya hesabu hiyo kwenye kompyuta ndogo ya kawaida kwa muda mfupi sana.

Vijana wanaipenda, nami nafurahi wanapoipenda, lakini swali lake ni jingine. Haitakwambia tangi litaisha saa ngapi. Alkoholi kuwa sumu haijui, mpaka uiambie wewe. Kasi ya kunywa sukari lazima uipime uiingize mwenyewe.

Inachojua ni kwa nini. Chukua bagasi, makapi ya miwa. Ukiyavunja yanatoa sukari za aina mbili, glukosi na zailosi, na hamira ya kawaida haichachushi zailosi. Ukiipandikizia vimeng'enya viwili vya kuvu wanaoila zailosi, mizani ya viini vinavyobeba elektroni ndani ya seli huharibika, kwa kuwa kimoja kinatumia aina moja na kingine kinarudisha aina nyingine, na zao linaishia kuwa zailitoli badala ya ethanoli. Mtandao wa jeni unakuonyesha kizuizi hicho hata kabla hujagusa sindano ya maabara. Vivyo hivyo gliseroli: hamira isiyopata hewa huitoa ili kusawazisha elektroni, na kila gramu ya gliseroli ni sukari iliyokosa kuwa ethanoli. Kama kazi yako ni kubadilisha hamira, hii ndiyo modeli yako. Kama kazi yako ni kuendesha tangi kwa hamira ya kununua, iache.

Mitandao ya neva, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutoka kwenye data, nitaipita haraka. Inahitaji mikupuo mingi iliyoandikwa vizuri, na kiwanda kisichokuwa na daftari safi la joto na sukari hakina cha kuilisha.

Bayogesi: vijidudu vingi, modeli chache

Huko Hale, wilayani Korogwe, mabaki ya mkonge yalianza kuzalisha bayogesi ya umeme mwaka 2008. Nyuzi za mkonge ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kwa hiyo malighafi ni tele. Ila ndani ya mtambo kama ule hakuna kijidudu kimoja. Kuna wanaovunja nyuzi, wanaotengeneza asidi, na wanaogeuza asidi kuwa methani, nao hawa wa mwisho ni wazembe wa kukua na wepesi wa kudhurika.

Modeli kubwa ni ADM1, iliyotolewa mwaka 2002 na jopo la Shirika la Kimataifa la Maji, IWA. Ina vigeu (vitu vya kufuatilia) zaidi ya 20 na parameta (namba za kukadiria) nyingi mno. Ni kazi ya heshima, lakini kwa mtu mwenye kipima pH na mita ya gesi ni kama kukabidhiwa meli avukie mto. Ninayoipendekeza kwa mtambo unaolishwa kila siku ni modeli ya hatua mbili iliyochapishwa na Bernard na wenzake mwaka 2001: kundi la asidi na kundi la methani, vigeu sita. Kundi la methani lina breki ya aina ya Haldane, ambayo asidi ikizidi hukata ukuaji badala ya kuuongeza. Hilo ndilo linalouua mtambo, na modeli hii inaliona.

Kwa majaribio ya chupa, ambamo mabaki huozeshwa gesi ikipimwa, watu hutumia mlinganyo wa Gompertz uliorekebishwa, nao unafaa: unakupa muda wa kusitasita mwanzoni, kasi ya juu, na gesi ya mwisho. Benjamin Gompertz mwenyewe aliandika mwaka 1825 juu ya vifo vya binadamu, kwa ajili ya bima. Kosa ninalokutana nalo ni kuichukua Gompertz ya chupa na kupangia ukubwa wa mtambo. Chupa ni mkupuo, kila kipande kinakaa siku zote. Kwenye mtambo unaolishwa kila siku, sehemu ya kilichoingia jana inatoka leo bila kuliwa.

Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa kasi ya kuvunjika kwa mabaki (k) ni 0.1 kwa siku, chupa ya siku 20 huvunja asilimia 86. Mtambo wenye wastani wa kukaa siku 20, kwa mabaki yale yale na vijidudu wale wale, huvunja asilimia 67. Ukiongeza siku ziwe 30 unapata 75, na kuifikia ile 86 ya chupa kunahitaji kama siku 64, yaani tangi lenye ujazo zaidi ya mara tatu. Fomula ya mtambo ni k × siku ÷ (1 + k × siku). Pata k kutoka kwenye chupa zako, kisha itumie fomula hii kabla hujamwita fundi wa kuchimba shimo.